Kutafuta Nasaba na Haki Zilizomo Ndani Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyewatoa wanadamu wote katika mzee mmoja, akawatawanya katika bara na visiwa. Na rehema na amani zimfikie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Katika mambo tunayoulizwa sana hapa Msimbazi, na khasa na vijana waliokwisha soma, ni hili la kutafuta nasaba. Mmoja asema: Sheikh, nimeanza kuandika ukoo wetu, nimefika kwa babu wa nne; je, nina thawabu? Mwengine asema: hayo ni mambo ya Jahilia, kaburini hatutaulizwa babu zetu, tutaulizwa amali zetu. Na wako wazee, Mungu awarehemu waliotangulia na awape umri walio hai, waliotumia maisha yao yote katika kazi hii. Huenda maziko na harusi na daftari kwapani, wakiuliza fulani ni mtoto wa nani, na mama yake ametoka wapi. Watu huwacheka. Khalafu siku ya kugawa mirathi, wale wale waliocheka ndio wanaotangulia kubisha hodi mlangoni mwao.

Basi tumeona yapasa kuandika kurasa hizi chache. Na muhtasari wa maneno yetu ni huu: nasaba ni daftari la haki. Mwenye kuitafuta apate kujua adaiwa nini na nani, huyo yumo katika ibada. Na mwenye kuitafuta apate kujua amzidi nani, huyo amekhasirika, hata kama kila jina aliloliandika ni la kweli.

Yaliyoamrishwa

Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira (r.a.) na kutolewa na Imam Tirmidhi, ametuamrisha tujifunze katika nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga jamaa zetu. Tazama, ndugu yangu, amri hii ilivyofungwa pamoja na sababu yake. Hatukuambiwa tujifunze ili tujue ukubwa wetu. Tumeambiwa tujifunze ili tuunge.

Na ukifungua vitabu vya fiqhi vya madhehebu yetu ya Imam Shafi, utaona elimu hii imeingia katika milango mingi. Katika ndoa, lazima mtu ajue nani maharimu wake. Katika mirathi, lazima ajulikane nani yu hai nyuma ya maiti, na kwa njia gani amemfikia. Katika wakfu waliowekewa dhuria, haifai kumpa asiyekuwemo wala kumnyima aliyemo. Katika nafaka, mzee asiyejiweza humdai mwanawe na mjukuu wake. Mwenye kupuuza nasaba amepuuza mlango mmoja katika kila kimoja cha vitabu hivi.

Na liko jambo watu wa mjini wamelisahau kabisa, nalo ni undugu wa kunyonya. Kwetu sisi Mashafi, mtoto aliyenyonya kwa mwanamke mara tano mbalimbali kabla ya kutimiza miaka miwili amekuwa mtoto wake, na watoto wa mwanamke yule ni ndugu zake, haramu kuwaoa. Zamani katika nyumba moja ya Kariakoo waliishi watu wa vyumba sita, ua mmoja na kisima kimoja. Mama akienda sokoni, jirani akamnyonyesha mtoto anayelia. Leo nyumba ile imevunjwa, pamejengwa ghorofa, na wale wa vyumba sita mmoja yuko Mbagala, mmoja Tandika, mmoja Magomeni. Watoto wao wakikutana na kutaka kuoana, nani atakayewaambia? Maziwa hayana shajara. Asipoyaandika bibi aliyeona, yamepotea.

Yaliyokatazwa

Katika mlango huu sharia imekataza mambo matatu. La kwanza ni kujifakhiri kwa babu. La pili ni kutia ila nasaba za watu. Haya yote mawili Mtume (s.a.w.) ameyahisabu katika mabaki ya Jahilia ambayo umma wake hautayaacha kwa urahisi. La tatu ni kujinasibisha na asiyekuwa baba yako nawe wajua. Na hili limekuja na onyo la kuharimishiwa Pepo.

Na kabla ya haya yote, Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Sura ya Hujurat, aya ya 13, kwamba makabila na mataifa yamewekwa ili watu wajuane, na kwamba mbora ni mcha Mungu. Akatubainishia katika Sura ya Muminun, aya ya 101, kwamba litakapopulizwa baragumu nasaba hazitafaa kitu. Na Mtume (s.a.w.) alimwambia binti yake mwenyewe, Bibi Fatima (r.a.), amuombe atakacho katika mali yake, lakini mbele ya Mungu hatamfaa kwa lolote. Ikiwa Bibi Fatima ameambiwa hivi, wewe na mimi tutategemea babu gani?

Mama aliyesahauliwa

Sasa tuje katika shajara zetu za pwani. Ukiifungua shajara, utasoma: fulani bin fulani bin fulani, mpaka kwa mzee aliyeshuka chomboni, naye ametoka Shirazi, au Hadhramaut, au Omani. Wanaume watupu. Ukiuliza, mzee yule alioa wapi? Watoto wake walizaliwa na nani? Karatasi haijibu. Husoma kama kwamba wanaume wale walizaana wenyewe kwa wenyewe.

Mwezi wa Machi mwaka 2023, jarida la Nature lilichapa uchunguzi wa mabaki ya watu 80 waliozikwa zamani katika miji sita ya pwani yetu, kama Manda, Mtwapa na Kilwa, na mji mmoja wa bara. Wale wa miji ya pwani waliishi baina ya miaka ya 1250 na 1800. Wataalamu waliona kwamba kwa wengi katika watu hao wa pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Afrika, na hiyo imetoka zaidi kwa mama. Na sehemu kubwa iliyobaki imetoka Asia, na nyingi katika hiyo ni ya wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000 wa Miladi.

Wako waliofurahi kwa khabari hii, wakasema: mmeona, wazee hawakusema uwongo, tumetoka Shirazi. Na wako waliofurahi kwa upande wa pili, wakasema: mmeona, ninyi ni Waafrika. Wote wawili wamesoma nusu. Wazee hawakusema uwongo juu ya baba. Walinyamaza juu ya mama. Na kunyamaza juu ya mzazi mmoja miaka elfu, khalafu ukawadharau watu wa nyumbani kwake, ni kukata jamaa kwa jina la kuandika jamaa.

Na khabari za kale zenyewe hazikuwa na haya hiyo. Mreno João de Barros, aliyechapa kitabu chake mwaka 1552, alieleza kutokana na tarekhe ya wafalme wa Kilwa kwamba Ali, aliyeujenga mji ule, alikuwa mtoto wa sultani wa Shirazi kwa mama mjakazi wa Kihabeshi. Ndugu zake, ambao mama yao alikuwa wa ukoo wa wafalme wa Uajemi, wakamdharau kwa sababu hiyo, naye akapanda chombo akaenda zake. Basi zingatia: mji uliokuwa fakhari ya pwani nzima, kwa khabari hiyo umeasisiwa na mtu aliyekimbia fakhari ya nasaba!

Tena tazama juu zaidi ya Kilwa. Nasaba iliyo tukufu kuliko zote duniani imepita kwa Nabii Ismail (a.s.), na mama yake Nabii Ismail ni Bibi Hajar, naye ni mwanamke wa Misri aliyekuwa mjakazi. Katika Sahihi ya Imam Muslim, kwa mapokezi ya Abu Dharri (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliwausia masahaba zake kwamba watakapoifungua Misri wawatendee wema watu wake, kwani wana ahadi na wana udugu. Maulamaa wakasema, udugu huo ni kwa sababu ya Bibi Hajar. Subhanallah! Baina ya Mtume na Bibi Hajar pana vizazi visivyohisabika kwa urahisi, naye hakumsahau. Akamkumbuka kwa jina la wajibu: watendeeni wema watu wake. Hiyo ndiyo sunna ya nasaba. Mwenye kusema kwamba ukoo wa kukeni haufai kuandikwa, na aipime kauli yake kwa hadithi hii.

Waliokatiwa majina

Wako ndugu zetu ambao wakitafuta nasaba zao hufika kwa babu wa tatu wakakuta ukuta. Babu yule alishikwa akiwa mtoto, akaletwa pwani, akapewa jina jipya. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hukumu ya utumwa ikaondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, na huku Tanganyika haikuondolewa kabisa ila mwaka 1922. Si zamani sana. Wajukuu wa watu wale ndio tunaopangana nao safu msikitini.

Wengi katika waliokatiwa majina waliitwa bin Abdallah, kwa kuwa kila mtu babaye ni mja wa Mungu. Wengine wakachukua nisba za mabwana zao. Na Unguja, hisabu ya watu ilipofanywa mwaka 1924, maelfu waliandikisha kuwa ni Waswahili. Ilipofanywa tena mwaka 1931, jina hilo lilikuwa limepungua mno, na watu wamejiandikisha Mashirazi, Wahadimu au Watumbatu. Haikuwa kwamba watu wale wamekufa. Waliona jina la kwanza limegeuzwa kuwa tusi, wakalihama.

Je, tuwalaumu? Sharia imekataza mtu kujinasibisha na asiyekuwa baba yake. Lakini dhambi ya kwanza katika jambo hili ni ya aliyemkata mtu na baba yake. Na ya pili ni ya aliyemdharau mpaka akatamani baba mwengine. Katika Sura ya Ahzab, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ameamrisha watu waitwe kwa baba zao, na wasiojulikana baba zao wahisabiwe ndugu katika dini. Basi mwenye kukuta ukuta ana jibu tukufu kutoka kwa Mola wake, wala hana haja ya kubuni Sharifu wala Shirazi. Aandike: hapa ndipo khabari ilipokoma. Mstari huo mmoja wa kweli wapita majina ishirini ya kubuni.

Nasi husema mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii yafaa kumwambia anayejua kwao akakataa. Kumwambia aliyepokonywa kwao ni dhulma juu ya dhulma.

Mfano wa mji wetu

Mji huu wa Dar es Salaam aliuanza Sayyid Majid bin Said katika miaka ya 1860, na mitaa yetu ya Kariakoo ni michanga zaidi. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Kiingereza waliokaa hapa katika vita vya 1914 mpaka 1918. Mtaa wa Mahiwa na mtaa wa Narung'ombe ni majina ya mahali palipopiganwa mwaka 1917. Wapagazi walikufa maelfu kwa maelfu, kwa njaa na maradhi zaidi kuliko risasi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 yawakumbuka kwa jumla, haimtaji mtu. Twapita kila siku juu ya majina yao, na watoto wao hatuwajui.

Pamoja na hayo, wako waliouhifadhi ukoo wa mji huu kama ipasavyo. Sykes Mbuwane alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji, akaletwa na Wissmann, mkuu wa jeshi la Wadachi, katika vita vya kumpiga Abushiri bin Salim wa Pangani, aliyenyongwa mwaka 1889. Mwanawe Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba akafa maji katika mto Ruaha, akirejea katika vita vya Mkwawa, na yatima yule akalelewa na Affande Plantan, Mzulu mwenzake baba. Malezi hayakufuta nasaba: jina la Mbuwane limebaki pale pale. Kleist alikuwa katika walioanzisha African Association mwaka 1929, na Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika mwaka 1933. Akafa mwaka 1949, akaacha kumbukumbu alizoziandika. Mjukuu wake wa kike, Daisy Sykes Buruku, akazitumia kuandika maisha ya babu yake, yakachapwa mwaka 1973. Na mwaka 1998 Mohamed Said, aliyeshughulika miaka mingi kukusanya khabari za wazee wa Dar es Salaam, akatoa kitabu cha maisha ya Abdulwahid Sykes (1924–1968), mwana wa Kleist.

Faida ya mfano huu ni tatu. Kwanza, hapana Shirazi wala Hadhramaut ndani yake, na ni nasaba yenye kheri iliyoufaa Uislamu na nchi. Pili, hawakuficha kwamba mzee wao alikuja pwani askari wa kukodiwa, kupigana na watu wa pwani. Nasaba ya kweli huwa na mambo ya namna hiyo. Isiyo nayo imefagiliwa na mtu. Tatu, aliyetangulia kuichapa ni mwanamke.

Nyumba ya mirathi

Natuje sasa mahali ambapo jambo hili lauma. Tuchukulie mfano. Mtu amekufa zamani hapa Kariakoo, ameacha nyumba, mke, mtoto mwanamume na mtoto mwanamke, na watoto wote wawili ni wa mke huyo. Nyumba haikugawiwa, watu walisema, tutagawa vipi matofali? Tukiifanya mafungu 24, mke ana 3, mwana ana 14, binti ana 7. Khalafu mke akafa, hana mrithi ila watoto wake hao. Mafungu yake 3 yakawaendea, mwana 2 na binti 1. Sasa mwana ana 16, na binti ana 8, yaani thuluthi. Binti aliolewa Tabora, mumewe akamtangulia kufa, naye akafa huko akaacha wana wawili. Miaka hamsini imepita. Wajukuu wa kuumeni wakaao katika nyumba wamepata mnunuzi wa shilingi milioni 900, ajenge ghorofa. Wakaandika: warithi ni sisi tu.

Ndugu yangu, milioni 300 katika fedha hizo ni za watu wa Tabora. Kufa kwa mama yao hakukuiondoa haki, kumeihamisha. Maulamaa wameuita mlango huu munasakha, na hauwezi kuhisabiwa bila ya nasaba kamili, ya wanaume na wanawake. Yule shangazi aliyeachwa nje ya shajara kwa kusahauliwa ndiye anayeachwa nje ya nyumba kwa kusudi. Na ajabu ni kwamba watu hao hao waweza kukusomea babu zao kumi mpaka ng'ambo ya bahari, lakini ukiwauliza shangazi yao amezaa wangapi, wasema hawajui!

Basi hiki ndicho kipimo chetu. Usimpime mtu kwa babu aliowafikia. Mpime kwa jamaa aliowarudishia haki zao.

Namna ya kuandika

Anayetaka kuianza kazi hii, ashike mambo haya.

Aanze na walio hai, na wazee kabla ya vijana, maana karatasi yangoja na mzee hangoji. Aandike mama wa kila mtu kama aandikavyo baba, na dada kama aandikavyo kaka. Aandike walionyonyeshana. Aandike kila khabari ameipokea kwa nani. Kwani kwetu nasaba huthibiti kwa khabari iliyoenea kwa watu wengi wasioweza kupatana juu ya uwongo, na neno la mtu mmoja aliandike kuwa ni neno la mtu mmoja.

Na akikuta jambo la aibu, afanyeje? Hapa wengi huteleza. Kanuni ni hii: lenye haki ya mtu ndani yake liandikwe, na lisilokuwa na kitu ila fedheha lisitiriwe. Akikuta kwamba bibi yake alikuwa suria, aandike, kwani wana wa suria kwa bwana wake warithi sawa na ndugu zao, na kumficha ni kuwafungulia mlango wa kunyimwa. Lakini akisikia minong'ono kwamba fulani aliyezaliwa ndani ya ndoa si wa baba yake, aufunge mlango huo. Mtoto ni wa ndoa aliyozaliwa ndani yake, hivyo ndivyo alivyohukumu Mtume (s.a.w.). Wala haifai leo kumchukulia mtu mate yake kwenda kumpima kwa ajili ya kumfedhehi. Mifupa ya Kilwa yatuambia khabari za umma. Haikuwekwa kuvunja nyumba za watu.

Na kijana asemaye kwamba tutaulizwa amali tu, amesema kweli. Lakini kuunga jamaa ni amali, kutoa mirathi ni amali, na kujiepusha na maharimu ni amali. Atazifanyaje, naye hajui nani ni nani?

Enyi ndugu, kabla ya kumtafuta babu wa kumi, mtafuteni shangazi. Mwulizeni yuko wapi, ana watoto wangapi, na katika vilivyomo mikononi mwenu kipi ni chake. Tumuombe Mwenyezi Mungu atuunge na waliokatwa nasi, awarehemu mama zetu ambao majina yao hayakuandikwa, naye anayajua yote, na atukinge na kula haki ya jamaa. Amin.

Wallahu aalam. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.